SOMO LA KIINGEREZA: HERUFI MOJA, KAZI KUBWA



Kusoma na kuandika Kiswahili umekwisha jua. Leo tujifunze Kiingereza kidogo. Mtoto akiingia sekondari, masomo yake mengi hufundishwa kwa lugha hiyo. Na wewe mwenyewe waweza kuletewa karatasi ya Kiingereza, ukaambiwa utie sahihi. Je, utaisomaje?

Tuanze na kazi zetu za kila msimu hapa Kamachumu. Sisi husema: "Mimi huchuma kahawa. Yeye huchuma kahawa." Neno "huchuma" halibadiliki. Kiingereza hakiendi hivyo. Tazama:

I pick coffee. – Mimi huchuma kahawa.
You pick coffee. – Wewe huchuma kahawa.
We pick coffee. – Sisi huchuma kahawa.
They pick coffee. – Wao huchuma kahawa.
He picks coffee. – Yeye, mwanamume, huchuma kahawa.
She picks coffee. – Yeye, mwanamke, huchuma kahawa.

Umeona? Akitajwa mtu mmoja ambaye si mimi wala si wewe, neno la tendo huongezwa "s" mwishoni. Hata akitajwa kwa kazi yake ni vivyo hivyo:

The nurse works at Ndolage. – Muuguzi hufanya kazi Ndolage.

Lakini angalia! Hayo ni mambo ya kawaida, ya siku zote. Kama mama yuko shambani saa hii anachuma, tutasema: She is picking coffee.

Sasa tuje kwenye deni. Soma polepole:

Juma owes 50,000 shillings. – Juma anadaiwa shilingi 50,000.
Juma owed 50,000 shillings. – Juma alikuwa anadaiwa shilingi 50,000.

Penye "s" deni lipo bado. Penye "d" ni habari ya zamani. Herufi moja tu! Kama Juma amekwisha lipa, asitie sahihi karatasi yenye neno "owes". Nawe usipoelewa karatasi, usione haya. Usitie sahihi kwanza. Mwombe mtu unayemwamini akusomee, hata kama ni mwanao.

ZOEZI
Andika sentensi hizi katika daftari lako. Ni ipi inayotaka "s" penye nafasi?

1. We grow__ bananas. – Sisi hulima ndizi.
2. The teacher walk__ to school. – Mwalimu huenda shule kwa miguu.
3. They sell__ coffee. – Wao huuza kahawa.

Jibu: Ni namba 2 peke yake. Mwalimu ni mmoja, naye si mimi wala si wewe.