Antivirasi ya Bure: Chagua Hivi

Siku hizi wengi wetu tunaangalia salio na kulipia vitu kwa kompyuta ya nyumbani, ile ile ambayo watoto wanadanlodi gemu. Programu moja mbaya ikijificha humo inaweza kunakili kila unachoandika, neno lako la siri likiwemo. Habari njema ni kwamba ulinzi mzuri si lazima ulipiwe.

1. Anza na ulicho nacho. Windows 11 huja na Microsoft Defender, bure kabisa. Hakikisha imewashwa na unakubali masasisho.

2. Unataka nyingine, kama Avast au Bitdefender? Angalia kwanza matokeo ya AV-TEST, maabara ya Ujerumani inayozipima, kisha ipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe.

3. Weka moja tu. Mbili zikifanya kazi pamoja hugongana, na mashine inakuwa nzito.

4. Tangazo likikurukia likisema "Kompyuta yako ina virusi!", lifunge. Wezi hutegea hapo.

Na kumbuka: hakuna antivirasi itakayokuokoa ukimpa mtu PIN yako. Sisi hatutakuuliza kamwe.