Mwandishi ni Nani, na Inatuhusu Nini?

Tukikutana hapa London kujadili kitabu cha Mwafrika mwenzetu, mara nyingi swali la kwanza halihusu kitabu. Watu wanauliza: huyu katoka wapi hasa? Kaondoka nyumbani lini? Kiswahili bado anacho? Leo tulichambue swali hilo lenyewe kwa mifano miwili, yote ya London, yote ya mwaka 1987.

Mfano wa kwanza: Rahila Khan

Mwaka huo Virago, wachapishaji wa vitabu vya wanawake, walitoa mkusanyiko wa hadithi fupi, *Down the Road, Worlds Away*. Mwandishi alijulikana kama Rahila Khan, na hadithi zake nyingine zilikuwa zimeshasomwa katika redio ya BBC. Baadhi zilihusu wasichana wa Kiislamu wenye asili ya Asia waliokulia Uingereza. Kumbe Rahila Khan hakuwepo! Aliyeandika ni Toby Forward, kasisi wa Kianglikana, mwanamume wa Kizungu. Virago wakakitoa kitabu sokoni na kuharibu nakala zilizobaki.

Je, hadithi zilibadilika? Hata nukta haikubadilika. Kilichovunjika ni ahadi. Wasomaji walikuwa wamekipokea kitabu kama sauti ya mwanamke aliyeyaishi mambo yale.

Sisemi kwamba mwanamume asiandike kuhusu wanawake. Euphrase Kezilahabi aliandika *Rosa Mistika* (1971) kuhusu maisha ya msichana, na Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad. Lakini wote wawili waliweka majina yao. Msomaji alijua nani anasema naye, akapima mwenyewe.

Mfano wa pili: Abdulrazak Gurnah

Mwaka huo huo ilitoka riwaya ya kwanza ya Gurnah, *Memory of Departure*. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaja Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, na baadaye akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent. Alipopewa Tuzo ya Nobel, Oktoba 2021, ubishi ukawaka nyumbani: ni wetu au si wetu? Wapo waliosherehekea, na wapo waliokumbusha kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha, tena anaandika Kiingereza. Jamani, wangapi kati ya wabishi walikuwa wamemsoma?

Sasa tazama *Paradise* (1994). Inamhusu Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa tajiri kulipia deni la baba yake, akafuata msafara wa biashara kwenda bara, wakati Wajerumani wanaitwaa nchi. Hayo ni ya kabla ya vita vya 1914. Gurnah hakuyaona kwa macho. Kuzaliwa Unguja kulimpa masikio ya kusikia habari za wazee, lakini kitabu kimetokana na kusoma, kuwaza na kuandika. Asili ni mtaji tu, na mtaji usipofanyiwa kazi hauzai.

Mwaka 2022 riwaya hiyo ilitoka kwa Kiswahili, *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis wa SOAS, hapa hapa London. Kwa maoni yangu, hilo limesaidia kuliko ubishi wote wa pasipoti, maana sasa msomaji wa Tanga au Lamu anaweza kumhukumu Gurnah kwa maneno aliyoandika.

Tunajifunza nini?

Asili ya mwandishi ina uzito pale anapotuomba tumwamini kwa sababu yake. Akisema "mimi niliyapitia", basi awe kweli aliyapitia. Akisema "nawasimulia hadithi", tumpime kwa hadithi. Nasi tunaoandika ugenini tujihadhari. Huku tunaombwa kila siku tuwe "sauti ya Afrika", na ni rahisi kukubali. Lakini mtu wa Moshi hawezi kuisemea Mombasa, sembuse bara zima.

Zoezi: Soma *Peponi* bila kugusa maelezo ya jaladani. Andika maoni yako. Kisha soma maisha ya mwandishi, uone maoni gani yamebadilika, na kwa nini. Karibuni tujadiliane.