Kabla ya kupiga dawa, inama uangalie tandabui



Asubuhi moja kule Kabare, mama mmoja wa koperative alinisimamisha njiani, pompi mgongoni, chupa ya dawa mkononi. "Agronomu, maharagi yangu yameshikwa na ugonjwa, yamejaa vitambaa vyeupe." Tukaenda, tukainama pamoja. Haukuwa ugonjwa. Ilikuwa mitego ya buibui wadogo wa jamaa ambayo wataalamu wanaiita Linyphiidae.

Tandabui yao haisimami wima. Imelala kati ya mashina kama shuka iliyotandikwa, na juu yake kuna nyuzi chache zimevukana ovyo. Mdudu anayeruka anagonga zile nyuzi, anaanguka kwenye shuka. Mwenyewe ananing'inia chini yake, tumbo likiangalia mbingu. Anamuuma mdudu kupitia nyuzi na kumvuta chini. Wengi hawafiki milimita 5, miguu myembamba sana. Ukiona shuka yenye tundu pembeni kama mdomo wa funeli, na buibui anakimbia juu yake, huyo ni wa jamaa ingine.

Jina kamili la aina, usijisumbue. Jamaa hii ina aina zaidi ya 4,000, na nyingi zinatambulikana kwa darubini tu, kwa kuangalia viungo vya uzazi. Hata mimi na diploma yangu, kwa macho siwezi.

Makao yake ni karibu na udongo, penye kivuli na unyevu: chini ya maharagi yaliyofunga, kwenye majani makavu ya migomba tuliyotandika, kwenye nyasi za mpaka. Watoto wake wanasafiri na upepo, kila mmoja na uzi wake, kwa hiyo hata shamba jipya linawapata. Lakini udongo ukiwa mtupu, unakauka, hawakai.

Sasa ile ya hatari ni ya utitiri. Nyuzi zake zinafunika jani lenyewe, zaidi upande wa chini, na jani linajaa vidoti vya manjano. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe: vumbi likianza kutembea, ndio wao. Dawa nyingi za wadudu zinaua buibui na wala-utitiri wengine, utitiri unabaki na kuongezeka.

Kwa yule mama karatasi ilibaki safi. Vidukari vilikuwako, vile vyeusi vinavyofyonza ncha, lakini kidogo, na vingine vilikuwa vimenaswa kwenye shuka. Chupa haikufunguliwa. Tulifunga vitambaa kwenye mimea 20, na kila siku ya soko anahesabu vidukari vyake.