Ada ya Flati Haitoshi? Zibeni Mianya Kabla ya Kuipandisha

Pampu imeharibika, tangi liko tupu, na fundi anataka pesa kabla aguse chochote. Mweka hazina anaandika kwa grupu ya WhatsApp: "Akaunti haina kitu." Kimya. Halafu mtu mmoja anauliza: "Si tulilipa?" Kama unaishi kwa flati Makutano pale Meru, au Majimbo kule Embu, labda hiyo stori unaijua.

Wengi hukimbilia kupandisha ada. Leo tunawaomba msubiri kidogo. Tuchukue mfano wa jengo la nyumba 24, kila moja ikilipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Zinafaa kuingia 36,000. Nyumba sita zisipolipa, zinaingia 27,000. Mkipandisha ada hadi 2,000 na hizo sita bado hazilipi, mtafika 36,000 sawa, lakini wale 18 waaminifu ndio watakuwa wanawalipia wenzao. Wakichoka, nao wataacha.

1. Jueni nani amelipa

Pesa za wote zisiingie kwa simu ya mtu mmoja. Hata kama ni mwaminifu, zitachanganyika na za kwake, na siku hesabu ikikataa ni yeye atashukiwa. Chukueni namba ya Paybill kwa jina la chama. Pale kwa namba ya akaunti, kila mtu aandike namba ya nyumba yake: A4, B2. Till haina nafasi hiyo, ndiyo maana kwa kazi hii Paybill ni bora.

Watu wawili au zaidi wawe wakisoma taarifa ya akaunti. Skrinshoti si risiti, maana SMS huweza kughushiwa. Kila mwezi, wekeni jumla ya mapato na matumizi kwa grupu. Mwenye deni aambiwe kando, si mbele ya watu.

2. Punguzeni matumizi

Maji: usiku mmoja, kubalianeni mfunge mifereji yote. Someni mita, kisha msome tena asubuhi. Ikiwa imesonga, kuna mahali panavuja, mara nyingi ni tangi la choo au boya la tangi la juu. Uniti moja ni lita 1,000, na mnailipia hata kama hakuna aliyekunywa.

Stima: balbu kumi za zamani za wati 60, zikiwaka saa 12 kila usiku, zinakula uniti 216 kwa siku 30. Balbu kumi za LED za wati 9 zinakula kama uniti 32 tu.

Takataka na ulinzi: ongeeni na jengo jirani mtafute bei pamoja. Wateja wengi wana nguvu ya kujadiliana.

3. Ongezeni mapato

Angalieni nafasi iliyolala: paa linaloweza kukodishwa kwa antena, maegesho yaliyo wazi mchana, au chumba cha stoo. Lakini kwanza jueni nani ana mamlaka. Ikiwa kila mtu alinunua nyumba yake chini ya sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa flati, wenye nyumba huunda shirika linalosimamia sehemu za pamoja na kukusanya michango. Ikiwa nyinyi ni wapangaji wa landlodi mmoja, paa ni lake. Mfuateni kwanza, mkubaliane kwa maandishi mapato yatasaidia nini.

Kazi ya mwezi huu

Kabla ya mkutano ujao, tafuteni namba tatu: pesa zilizofaa kuingia, zilizoingia, na zilizotumika. Mkiwa nazo, mtajua kama shida yenu ni ada ndogo au ni mianya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hilo daftari mnalo kwa simu. Lifungueni pamoja.