Chembe Zinazounganisha Miale Miwili

Tukisikia kuwa kuna unga unaomulikwa kwa mionzi isiyoonekana nao ukatoa mwanga wa kijani, tusikimbilie kusema ni mazingaombwe. Tuulize: unapataje?

Chembe za unga huo zina upana wa nanomita 20 au 30 hivi, hali unywele wa mtu hufika kama nanomita 80,000. Mwili wa chembe ni chumvi ya sodiamu, itri na florini. Ndani yake hutiwa elementi mbili za kundi la madini adimu: iterbi, inayoshika kama asilimia 20 ya nafasi za itri, na erbi asilimia 2 tu. (Itri, iterbi na erbi zote zimepewa jina la kijiji kimoja cha Sweden, Ytterby.)

Iterbi hupokea mionzi ya infraredi ya nanomita 980 na kuipa erbi nguvu hiyo mara mbili, kama mtu anayepandishwa ngazi kwa hatua mbili. Erbi ikishuka, hutoa kijani cha nanomita 540 hivi. Tufanye hesabu. Mwale mmoja wa infraredi una elektrovolti 1.265, miwili ni 2.53. Mwale wa kijani unahitaji 2.30. Basi hakuna nguvu iliyozuka bila asili, na iliyobaki imekuwa joto. Mfaransa François Auzel alieleza kupokezana huku mwaka 1966.

Kuzitengeneza, chumvi za elementi hizo huchemshwa pamoja na asidi ya oleiki, ile iliyojaa katika mafuta ya zeituni, hadi karibu nyuzi 300 za Selsiasi, mahali pasipo na oksijeni. Asidi hiyo huzivika chembe zisigandamane. Kisha hukaguliwa kwa darubini ya elektroni na eksirei, na mwanga wake hupimwa kwa leza.

Kazi ngumu ni kuzifanya zing'ae vya kutosha. Chembe ikiwa ndogo, atomi nyingi hukaa juu ya uso wake, na maji huuzima mwanga wao. Ndiyo maana huvikwa ganda la chumvi ileile isiyo na erbi.

Watafiti wanazitaka kwa kuonea uvimbe ndani ya mwili, kwa kuwa infraredi hupenya nyama kuliko mwanga wa kawaida. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa bado iko maabara na kwa wanyama. Tena maji ya mwilini hunyonya mionzi ya nanomita 980 yakapata moto, hivyo wengine huongeza neodimi, inayopokea nanomita 808 ambazo maji huzinyonya kidogo sana.