Wingi wa Watu Haumshindi Simba

Vijiweni swali hili halikosi wabishi: vijana ishirini wenye marungu wakimvamia simba mmoja, nani atashinda? Wengi huhesabu vichwa na kuwapa vijana ushindi. Hesabu hiyo ina kasoro: ishirini hawapigani kwa pamoja, anayepigana ni aliye mbele. Simba dume huweza kuzidi kilo 180, na hatua thelathini huzimaliza kwa sekunde mbili tatu. Kabla rungu halijanyanyuliwa, mtu yuko chini. Walio karibu wanasita kupiga wasije wakampiga mwenzao, na wa nyuma wameshatimua mbio. Hata simba akiuawa, wa kwanza ameshararuliwa, na jeraha la kucha zilizoshika mizoga huweza kuua siku kadhaa baadaye.

Mwaka 1898 pale Tsavo, katika Kenya ya leo, kambi zenye mamia ya wafanyakazi wa reli zilihangaishwa kwa miezi na simba wawili tu. Maboma ya miiba na mioto ya usiku havikutosha. Wengi walikimbia na ujenzi wa daraja la reli ukasimama, mpaka simba hao walipopigwa risasi Desemba mwaka huo. Na hayo si ya kale tu. Nchini Tanzania, kati ya 1990 na 2005, simba waliua watu zaidi ya 560, wengi wao kusini, hasa msimu wa mavuno, wakulima wanapolala madunguni kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Baada ya msiba kama huo ndipo hasira hukusanya umati.

Watakaopinga watataja Wamaasai. Ni kweli, morani, vijana wao wapiganaji, wamewahi kuua simba, lakini hawakwenda kama umati: walikwenda na mikuki, ngao na mafunzo, na bado wapo waliorudi na makovu, na wapo ambao hawakurudi. Wengine watasema simba humwogopa mtu. Naam, mara nyingi hukimbia, ilimradi ana pa kukimbilia. Umati unaomzingira humfungia njia hiyo.

Kwa hiyo simba akiingia kijijini, ingizeni watoto ndani, mwachieni njia ya kutokea, na toeni taarifa upesi kwa uongozi wa kijiji au askari wa wanyamapori. Ukikutana naye ana kwa ana, usikimbie. Mkabili kwa macho, rudi kinyumenyume polepole. Kumzingira kwa marungu ni kumchagua mmoja wenu atangulie kufa.