Dondoo muhimu: tumbo la mtoto mchanga

Matatizo ya kiutendaji ya tumbo, yaani yale yanayotokana na utumbo ambao haujakomaa wala si ugonjwa, huwapata watoto wachanga wengi, na mzazi wa Kutulo, aliye mbali na hospitali kubwa za Wajir na Mandera, hufaidika akiyatambua mapema. Kucheua, ambako ni maziwa kurudi mdomoni bila nguvu, hakudhuru maadamu mstari wa uzito katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto unapanda. Mtoto anayejikamua dakika 10 au zaidi, uso umekunjamana, analia, kisha akatoa choo laini, hajafunga choo, bali hajajua bado kulegeza misuli ya njia ya haja. Dalili ya kufunga choo ni choo kikavu chenye vidonge kama vya mbuzi. Msokoto, kilio kirefu kisichotulizika, aghalabu cha jioni, hufikia kilele yapata wiki ya 6 na kwa kawaida huisha kabla ya mwezi wa 5. Maji ya sukari, samli na maziwa ya ngamia, vinavyopendekezwa kwa nia njema, havifai kabla ya miezi 6, hata wakati wa joto kali, kwa kuwa maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Matapishi ya kijani, damu kwenye choo, homa, au tumbo lililovimba likawa gumu humlazimu mtoto afikishwe kituo cha afya mara moja.